Njia ya Starehe Baharini na Walinzi Wake

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maafisa na maaskari wa jeshi, wa polisi na wa magereza mnaotusikiliza mkiwa kambini, vituoni na mipakani, salaam.

Mwezi huu wa Novemba ndio mwezi ambao kaskazi huanza kuvuma katika pwani ya Afrika Mashariki. Zamani majira haya yalileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa yamepakia tende, mazulia na samaki wakavu. Siku hizi majira yayo hayo huleta kitu kingine pia, nacho ni meli za matembezi. Meli hizo ni nyeupe, ndefu, zenye madirisha mengi kama hoteli, nazo hazipakii shehena wala haziteremshi shehena. Zimechukua watu waliolipa fedha nyingi ili wasifanye kazi yoyote kwa muda wa wiki mbili, wiki tatu, na wengine hata miezi minne.

Hivi karibuni nilikiona kijitabu cha safari hizo juu ya meza ya wakala mmoja hapa Kampala. Karatasi yake ni nzito na yang'aa. Ndani yake mna picha ya bahari ya buluu, mnazi ulioinama, na mzee mmoja na bibi yake wakinywa kinywaji chenye barafu. Chini ya picha imechorwa njia ya meli: Mombasa, Unguja, Shelisheli, visiwa vya Maldivi, Colombo, Phuket, Penang, na mwisho Singapore. Kila bandari imeelezwa kwa maneno matamu. Nilikisoma kijitabu kile tangu jalada hata jalada, nikaona habari za wapishi, za waimbaji, za wakandaji wa miili, hata za mtu wa kufundisha dansi. Habari za mlinzi sikuziona hata kwa mstari mmoja.

Yamkini msikilizaji atauliza, jambo hili latuhusu nini sisi wa nchi isiyo na pwani? Mwenye fedha zake na azitumie apendavyo. Swali hilo ni la haki, na mimi sina nia ya kumwonea kijicho mzee yule na kinywaji chake. Lakini njia ile iliyochorwa katika kijitabu, ikitoka Mombasa na kupita visiwa hata bandari za Asia, ina historia ambayo kijitabu hakikuiandika, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa na watu wenye kazi kama yenu. Ndiyo niliyokusudia kuizungumza leo.

Natuanze na alfajiri ya Jumamosi, tarehe 5 Novemba 1905? La, wasikilizaji, si zamani hivyo. Ilikuwa mwaka 2005. Meli iitwayo Seabourn Spirit, yenye abiria 151 na mabaharia na watumishi 161, ilikuwa yatoka Alexandria katika Misri kwenda Mombasa. Hebu zitazameni hesabu hizo kwa makini: kila abiria alikuwa na mtu mmoja na zaidi wa kumtumikia. Ilipofika saa kumi na moja na nusu hivi, ikiwa kiasi cha maili 70 kutoka pwani ya Somalia, mashua mbili ndogo za kasi ziliikaribia. Waliokuwamo hawakutaka kuuza samaki. Waliifyatulia meli risasi za bunduki na makombora ya kurushwa begani. Abiria waliokuwa wamelala waliamshwa na kishindo, na baadhi yao walipochungulia dirishani waliwaona watu wakiwalenga.

Nahodha aliwaamuru abiria waingie katikati ya meli, mbali na madirisha, akaongeza mwendo na kuigeuza meli kana kwamba ataka kuzigonga mashua zile. Wakati huohuo watu wawili walitoka nje, juu ya sitaha, mahali ambapo kila mtu mwenye akili alikuwa anapakimbia. Mmoja aliitwa Michael Groves, Mwingereza, mkuu wa ulinzi wa meli. Wa pili aliitwa Som Bahadur Gurung, mtu wa Nepal, nchi ambayo kwa vizazi vingi imetoa wale maaskari mashuhuri wa Gurkha. Silaha walizotumia zilikuwa mbili tu: mpira wa maji wa kuzimia moto, na chombo kipya wakati ule kinachotoa sauti kali ya kuumiza masikio, ambayo hulengwa upande mmoja kama mwanga wa tochi. Gurung alipigwa na vipande vya kombora akaanguka. Groves alimburura mwenzake hata mahali pa salama, akarudi sitahani kuendelea na kazi. Mwishowe maharamia wakaachwa nyuma. Katika ubavu wa meli mlibaki kombora moja ambalo halikulipuka, na ilibidi liondolewe na wataalamu wa mabomu wa jeshi la wanamaji la Marekani. Hakuna abiria aliyekufa. Mwaka 2007 Malkia Elizabeth wa Uingereza aliwatunuku watu hao wawili kwa ushujaa wao.

Mtu aliyewahi kukaa lindoni hana haja ya kuelezwa maana ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni saa ambayo macho ni mazito, umande umelowesha kitako cha bunduki, na mlinzi huanza kufikiri habari za chai. Maharamia wale hawakuichagua saa hiyo kwa bahati.

Basi meli haikufika Mombasa. Iligeuzwa ikaenda Mahé katika Shelisheli, na kutoka hapo ikaendelea na ratiba yake hata Singapore. Abiria walipata hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Lakini fikirini habari za Mombasa siku hiyo. Meli ya matembezi inapotia nanga, madereva wa teksi hujipanga kwenye lango la bandari tangu usiku, wachonga vinyago hutandaza vitu vyao, na magari ya kwenda Tsavo hutiwa petroli. Wote hao walikuwa wakingojea, na hawakupata kitu. Wala haikuwa siku moja tu. Kampuni za meli hazibishani na hatari. Hubadilisha tu mstari katika ramani, na bandari iliyoachwa hukaa miaka mingi kabla ya kukumbukwa tena. Mwezi wa Aprili 2009 meli nyingine kubwa zaidi, MSC Melody, yenye abiria wapatao 1,000, ilishambuliwa kaskazini ya Shelisheli ikitoka Durban kwenda Genoa. Safari hii walinzi walikuwa na bastola, na baadhi ya abiria waliwarushia maharamia viti na meza za sitahani. Nao wakaokoka.

Meli za anasa, basi, ziliponea. Zilizoumia hasa ni meli za watu wengine. Mnamo Juni 2005, miezi michache kabla ya shambulio lile, meli ndogo iitwayo MV Semlow ilitekwa ikiwa imechukua kutoka Mombasa mchele wa Shirika la Chakula Duniani, chakula cha msaada kwa Wasomali wenyewe. Mabaharia wake walizuiwa kwa miezi zaidi ya mitatu. Na mwezi wa Septemba 2008 ilitekwa meli iitwayo Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Wasikilizaji wetu wa kikosi cha vifaru wataelewa ilikuwa ajabu gani hiyo, vifaru 33 mikononi mwa vijana waliovaa kandambili! Havikuteremshwa, kwa sababu pale hapakuwa na gati wala winchi ya kuvibeba, na meli iliachiliwa Februari 2009 baada ya kulipwa fidia ya dola milioni 3.2. Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa na Interpol walipiga hesabu wakasema kwamba kati ya mwaka 2005 na 2012 maharamia wa pwani ile walilipwa jumla ya dola kati ya milioni 339 na milioni 413.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, na tangu siku hiyo pwani ndefu kuliko nyingine zote katika bara la Afrika ikawa haina mwenyewe. Meli za kigeni zilikuja kuvua samaki bila ruhusa, na wavuvi wa pale walianza kwa kusema wanailinda bahari yao. Huenda wa kwanza walisema kweli. Lakini mtu anayemfyatulia kombora bibi kizee aliye kitandani hawezi kudai kwamba anawalinda samaki.

Sasa tuirudie ile njia ya kijitabu, kwa kuwa njia hiyohiyo ya Mombasa, Maldivi na Colombo ina kumbukumbu nyingine iliyo nzito zaidi, na hiyo ni ya maaskari wa Afrika Mashariki.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Mombasa kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto katika Burma, na vikosi vya King's African Rifles, na miongoni mwao vijana kutoka Uganda, vilikuwa vikipelekwa Ceylon na kutoka hapo kwenda mbele. Moja ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Haikuundwa kwa vita. Iliundwa mwaka 1922 kuwa meli ya abiria, kwanza ya kampuni moja ya Chile, kisha ikanunuliwa na Wamisri na kupewa jina hilo. Ilikuwa na kumbi zake, ngazi zake pana na vyumba vyake vya abiria wa daraja la kwanza. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki; kadhalika mlikuwa na wanamaji, na wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi wa hospitali za kijeshi.

Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, mahali ambapo leo watalii huogelea wakiwatazama samaki wa rangi, nyambizi ya Kijapani nambari I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Inasimuliwa kwamba watu wengi walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Mambo hayakuishia hapo, na sehemu inayofuata nataka maafisa waisikilize kwa utulivu. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji, chini ya waliokuwa wakielea. Ikiachwa, ingeweza kuzamisha meli nyingine nne zilizojaa watu. Manowari Petard na Paladin zililazimika kudondosha mabomu ya kina palepale, na baadhi ya walionusurika na topido waliuawa na mabomu ya rafiki zao. Baada ya mapambano ya saa kadhaa nyambizi ikazamishwa, na meli nne zikafika salama. Nimesoma habari hizo mara nyingi, na mpaka leo sijui ningetoa amri gani kama ningalikuwa nimesimama mahali pa yule kamanda. Asiyewahi kutoa amri ya namna hiyo asiharakishe kuhukumu.

Askari waliofika Ceylon waliendelea mbele. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa na homa, ikafika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka 1944. Wazee waliorudi walisimulia habari za Colombo na za Wagurkha waliopigana upande mmoja nao. Nyumbani katika Acholi, Teso, Lango na West Nile watu waliwasikiliza kama watu waliotoka mwezini. Hao ndio Waganda wa kwanza, kwa maelfu, kusafiri ile njia iliyochorwa katika kijitabu. Tiketi zao zililipwa na Mfalme George, na hapakuwa na barafu katika vikombe.

Ndiyo sababu Waganda walipotua Mogadishu mwezi wa Machi 2007, wakiwa kikosi cha kwanza cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM, hawakuwa wageni kabisa wa Bahari ya Hindi, ingawa wengi wao walikuwa hawajapata kuiona kwa macho. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuushika uwanja wa ndege, bandari na njia za kufika hapo. Kwa miaka minne walipigana nyumba kwa nyumba, hata al-Shabaab wakauondoka mji Agosti 2011. Gharama yake tuliionja hata hapa Kampala usiku wa tarehe 11 Julai 2010, pale watu zaidi ya 70 walipouawa kwa mabomu wakitazama fainali ya kombe la dunia. Majeshi ya Umoja wa Afrika na ya Somalia yaliendelea kuufuata mwambao: Merka ilichukuliwa mwaka 2012, na mwezi wa Oktoba 2014, katika operesheni iliyopewa jina la Bahari ya Hindi, ilichukuliwa Barawa. Barawa ni mji mkongwe wa bandari ambao wenyeji wake wanazungumza lahaja yao ya Kiswahili, Chimwini. Naamini askari kadhaa walishangaa kusalimiwa huko kwa maneno waliyoyaelewa.

Tusijisifu kupita kiasi. Maharamia walikaa zaidi upande wa kaskazini, katika miji kama Eyl na Harardhere, ambako Waganda hawakuwako. Waliopunguza uharamia ni manowari za mataifa mengi zilizoanza doria mwaka 2008, pamoja na walinzi wenye silaha waliopandishwa katika meli za biashara. Lakini manowari hulinda maji tu. Haramia hulala nchi kavu. Hununua mafuta nchi kavu, huhesabu fidia nchi kavu. Penye bandari yenye serikali, yenye mahakama na askari wa doria, biashara hiyo hukosa pa kutia nanga. Hapo ndipo miaka mingi ya jasho la askari wa miguu inapoingia katika hesabu, hata kama haiandikwi katika vijitabu. AMISOM ilifuatwa na ATMIS mwaka 2022, na ATMIS ikafuatwa na AUSSOM mwaka 2025, na Uganda imekuwamo katika zote tatu.

Faida yetu ni ipi? Sehemu kubwa sana ya bidhaa zinazoingia Uganda hupitia Mombasa. Petroli ya gari la doria, dawa za hospitali ya kambi, mabati, mbolea, hata karatasi ninayoisoma sasa, vyote hupita bahari ileile ambayo Seabourn Spirit iliikimbia. Uharamia ulipozidi, bima ya meli ilipanda, na gharama hiyo hailipwi na tajiri wa London. Hulipwa na mnunuzi wa mwisho huku Arua na Kabale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 umezipa nchi zisizo na pwani haki ya kuifikia bahari. Haki iliyoandikwa ni kitu kizuri, lakini meli ya mafuta haisindikizwi na karatasi.

Na hatari haijakwisha. Tangu Novemba 2023 mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi, za mizigo na za matembezi pia, kuiacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Manowari zilipokwenda kushughulika huko, maharamia wa Somalia nao wakainua vichwa. Desemba 2023 waliiteka meli iitwayo Ruen, ambayo makomandoo wa India waliikomboa Machi 2024. Na mwezi huohuo wa Machi waliiteka meli ya Bangladesh iitwayo Abdullah, iliyokuwa imechukua makaa ya mawe kutoka Maputo. Iliachiliwa mwezi uliofuata.

Nimesema mengi ya baharini. Sasa niruhusuni nirudi nyumbani, kwa maana hata sisi tuna maji yetu na tuna watu wapendao kustarehe juu yake.

Wakati wa ukoloni wasafiri wenye fedha walikuja mpaka hapa kutafuta raha ya melini. Waliweza kupanda reli Mombasa, wakavuka ziwa Victoria kwa meli, wakapita Kyoga, wakafika Butiaba na kupanda Robert Coryndon katika ziwa Albert, na kutoka Nimule wakaendelea kuufuata Nile hata Cairo. Robert Coryndon ilizama miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipojaa, na safari hiyo ikabaki katika picha. Lakini hamu ya kupanda chombo jioni, na muziki, na nyama ya kuchoma, haikuzama nayo. Vijana wetu wa Kampala wanayo, na si dhambi.

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya matembezi iitwayo MV Templar iliwachukua vijana waliokwenda kustarehe katika ziwa Victoria. Walikuwa zaidi ya 90, katika chombo ambacho ilisemwa kinafaa watu 50 hivi. Mashua hiyo ilikuwa mbovu, wala haikuwa na leseni ya kuchukua abiria. Muziki ulikuwa juu. Majaketi ya kuokolea maisha hayakuvaliwa na wengi; nguo nzuri za sherehe hazipendi kufunikwa. Jioni, katika maji ya wilaya ya Mukono, si mbali na nchi kavu, maji yaliingia na mashua ikapinduka. Wavuvi walikuja mbio kuokoa, na ilisemekana kwamba mojawapo ya mashua zao nayo ilizidiwa na watu walioirukia. Polisi wa majini na kikosi cha majini cha jeshi walifanya kazi usiku ule na siku zilizofuata, wakitoa miili majini. Watu zaidi ya 30 walikufa, mwenye mashua mwenyewe na mkewe wakiwa miongoni mwao.

Linganisheni meli hizo mbili, wasikilizaji. Katika Seabourn Spirit hatari ilitoka nje, ikakutana na watu wawili waliosimama njiani. Katika Templar hapakuwa na haramia hata mmoja. Hatari iliingia kwa mguu kutoka gatini, mtu mmoja mmoja, ikicheka, imenunua tiketi. Mtu pekee aliyeweza kuizuia ni yule ambaye angesimama kwenye ubao wa kupandia akasema: chombo hiki hakiondoki.

Nawajua baadhi yenu mliokaa katika vituo vya kandokando ya ziwa. Mnajua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Mwenye mashua ni mtu mkubwa, ana simu ya mtu mkubwa zaidi yake. Abiria wamekwisha lipa, wamekunywa kidogo, nao wamchukia askari kuliko wanavyoichukia dhoruba. Konstebo ni mmoja, labda wawili. Mtu akimfyatulia kombora ni rahisi kujua la kufanya. Mtu akimcheka mbele ya mabibi waliovaa vizuri, hapo inahitajika moyo wa namna nyingine. Groves na Gurung walipewa nishani kwa kuwa watu wote waliona walichokifanya. Konstebo akiizuia mashua isiondoke Jumamosi alasiri, hakuna atakayezama, na kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba aliokoa mtu. Atakachokipata ni malalamiko yaliyoandikwa kwa mkuu wake.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wakuu hao. Mwaka 2021 ilipitishwa sheria mpya ya usafiri wa majini, inayotaka vyombo viandikishwe, vikaguliwe na viwe na leseni. Sheria ipo. Malalamiko ya namna hiyo yakiletwa mezani kwako, afande, soma kwanza orodha ya abiria na cheti cha ukaguzi kabla ya kumwita yule konstebo kujieleza. Ukikuta orodha haipo, umekwisha jua nani wa kuitwa.

Mwisho wa mwaka unakaribia. Huko Mombasa Wakenya wamejenga jengo jipya la kuwapokea abiria wa meli za matembezi, na wachonga vinyago wanapanga vitu vyao. Na huku kwetu, Ggaba na Port Bell, wenye mashua wanapaka rangi, wanafunga taa za rangirangi na kujaribu vipaza sauti vyao. Sherehe ya kwanza ni Jumamosi ijayo.